Maneno Chini ya Picha: Nakshi za Mikutano ya Makamanda wa Kizungu na Watawala wa Kiafrika

Ni nadra kukuta kitabu cha historia ya Afrika ya Mashariki, kiwe cha shule au cha wasomaji wa kawaida, kisichokuwa na picha ya aina hii: Mzungu mwenye kofia ngumu ameketi kitini au amesimama wima, mbele yake yupo mtawala wa Kiafrika, nyuma yao umati wa watu wasiokuwa na majina. Chini ya picha pana mstari mmoja wa maneno. Mwanafunzi huitazama picha, huusoma mstari, kisha hufunua ukurasa unaofuata. Wanahistoria wamekwisha kuandika mengi juu ya upotofu wa picha zenyewe. Kuhusu mstari ulio chini yake wamesema machache zaidi, ilhali mstari huo ni matini kamili, yenye kiima, kitenzi na yambwa, na uchambuzi wake ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.

Makala haya yanadai kwamba mstari huo ndio unaoigeuza picha kuwa ushahidi. Picha peke yake haiwezi kusema nani amemwendea nani, nani amealikwa, nani amelazimishwa, wala nani alikuwa akizungumza wakati huo na nani amekaa kimya. Maneno ndiyo huamua. Aidha, Kiswahili kina dai la pekee katika jambo hili. Mikutano mingi inayoonyeshwa katika picha hizo ilifanyika kwa Kiswahili au ilipitia katika Kiswahili, na baadhi ya waliohudhuria waliacha maandishi yao katika lugha hiyohiyo. Kuchukua maelezo ya Kiingereza au ya Kijerumani, kuyatafsiri neno kwa neno na kuyaweka chini ya picha, ni kumwacha shahidi aliyemo nyumbani na kwenda kuazima shahidi wa jirani.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi nakshi hizi zilivyotengenezwa, maana wengi huzidhania kuwa ni sawa na picha za kamera. Magazeti ya picha yalianza Ulaya katika miaka ya 1840: Illustrated London News mwaka 1842, L'Illustration ya Paris na Illustrirte Zeitung ya Leipzig mwaka 1843, The Graphic ya London ilifuata mwaka 1869. Msafiri au afisa alipeleka mchoro wa haraka, au picha ya kamera, pengine barua tu yenye maelezo. Mchoraji wa mjini aliuchora upya mchoro huo juu ya ubao mgumu. Ubao ulikuwa wa vipande kadhaa vilivyofungwa pamoja kwa skurubu, na kazi ilipokuwa ya haraka vipande vilifunguliwa na kugawiwa mafundi mbalimbali, kila mmoja akachonga sehemu yake: huyu mawingu, yule mguu wa mfalme. Baadaye ubao ulinakiliwa katika bamba la madini, na bamba hilo liliweza kuuzwa kwa mchapishaji mwingine wa nchi nyingine, akaweka chini yake maelezo ya lugha yake na ya kumpendeza. Mafundi wa Kifaransa waliliita bamba la aina hiyo klishe. Neno hilohilo leo, katika lugha kadhaa, ni jina la usemi uliochakaa kwa kurudiwarudiwa. Neno stereotipu nalo lilizaliwa katika karakana ya chapa. Hakuna haja ya kuongeza lolote juu ya nasaba ya maneno hayo mawili.

Kwa hiyo mtu anayesema kuwa nakshi inaonyesha yaliyotukia anasahau mikono minne au mitano iliyoingia kati. Mfano ulio wazi ni kitabu cha Kapteni John Hanning Speke kuhusu safari ya kutafuta chanzo cha Nile, kilichotolewa mwaka 1863. Speke alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza nchini India. Mwenzake, James Augustus Grant, ndiye aliyekuwa mchoraji wa safari, na michoro yake ya rangi imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Lakini michoro iliyomo kitabuni ilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyefanya kazi London na ambaye hakuwahi kufika Buganda. Zaidi ya hayo, Speke alipopokewa kwa mara ya kwanza na Kabaka Mutesa I, mwezi Februari 1862, Grant hakuwapo. Alikuwa Karagwe, anauguza mguu, na hakufika Buganda hadi mwezi Mei. Nakshi inayowaonyesha Waingereza wawili mbele ya Kabaka haiwezi kuwa picha ya mkutano wa kwanza, ingawa ndivyo inavyoeleweka kwa urahisi na msomaji anayeikuta pekee, bila ya kitabu kilichoizaa.

Mkutano wa kwanza wenyewe, kwa mujibu wa maneno ya Speke, ulikuwa tofauti kabisa na yale ambayo mchoraji yeyote wa London angeyabuni. Speke aliwekwa nje juani angoje. Akakasirika, akarudi kambini, akaitwa tena. Alikataa kuketi chini kama desturi ilivyomtaka mgeni, akaketi juu ya kiti chake cha chuma. Kisha yeye na Kabaka wakatazamana kwa muda wa saa nzima. Speke hakusema neno, kwa kuwa hakujua Kiganda na hapakuwa na mtu karibu yake aliyethubutu kumsemea. Kabaka, kwa upande wake, alikuwa akizungumza muda wote na watu wake, akimwonyesha kidole mgeni, akitoa maoni juu ya umbo lake na mavazi ya walinzi wake. Mwishowe Kabaka alituma mtu amwulize mgeni kama amekwisha kumwona. Mgeni akajibu kuwa amemwona, tena kwa saa nzima. Mkutano ukaisha.

Swali hilo la Kabaka linastahili kutazamwa zaidi ya walivyolitazama waandishi wa safari. Speke alilisimulia kama kichekesho. Lakini katika baraza la Buganda kuonana na mfalme kulikuwa tendo kamili, lenye mwanzo na mwisho, na mazungumzo yangeweza kufuata siku nyingine. Aliyekuwa na usemi siku ile ni Kabaka; aliyekuwa kitu cha kutazamwa ni Kapteni. Sasa mtu achukue nakshi yoyote ya baraza hilo aiweke mbele yake. Katika nakshi wote wamenyamaza sawasawa, kwa sababu wino hausemi, na jicho la msomaji humpa usemi yule ambaye jina lake limetajwa kwanza katika maelezo. Jina hilo ni la Speke. Hivyo bubu wa siku ile amekuwa msemaji, na msemaji amekuwa bubu, pasipo fundi yeyote kudanganya hata kwa mstari mmoja wa patasi yake.

Mazungumzo yalipoanza siku zilizofuata, yalipita njia ndefu. Speke alizungumza Kihindustani na Bombay, yaani Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa India na baadaye akarudi Unguja. Bombay aliyageuza maneno kuwa Kiswahili. Mtu mwingine aliyajua Kiswahili na Kiganda akayavukisha. Hata hapo adabu ya baraza haikuruhusu kila mdomo kumwelekea Kabaka moja kwa moja. Jibu lilirudi kwa njia ileile. Kiswahili kilikuwa katikati ya mnyororo huo, na bila ya pete hiyo mnyororo usingeshikana. Lakini katika maelezo ya picha wakalimani hawamo. Wakichorwa, huchorwa pembezoni, na kwa kuwa hawatajwi, msomaji huwahesabu miongoni mwa watumishi.

Karagwe palikuwa na jambo la ajabu zaidi, ambalo wapenzi wa Kiswahili wangepaswa kulijua kwa moyo. Mwishoni mwa mwaka 1861 Omukama Rumanika aliwapokea Speke na Grant kwa Kiswahili, tena Speke mwenyewe anashuhudia kuwa kilikuwa Kiswahili kizuri. Mtawala wa nchi iliyo magharibi ya Ziwa Nyanza, mamia ya maili kutoka pwani, alikuwa na lugha ya pwani ya kumkaribishia mgeni, na mgeni, aliyekuwa amepitia pwani hiyohiyo, alihitaji mtu wa kumfasiria. Nani basi kati yao alikuwa ameiona dunia pana zaidi? Swali hilo haliulizwi na nakshi, wala na maelezo yake.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Aprili 1875, Henry Morton Stanley alifika Buganda kwa njia ya ziwa. Kitabu chake cha mwaka 1878 kina nakshi inayojulikana sana, ya walinzi wa Mutesa wakimpokea mgeni huko Usavara. Ni picha ya heshima kubwa: safu ndefu za askari na, katikati, mtu mmoja. Maelezo yake yanataja mapokezi. Katika Kiswahili tafsiri iliyo rahisi ni kuandika mapokezi ya Stanley, na hapo ndipo sarufi inapoingia. Jina linalotokana na kitenzi cha kupokea, likifuatwa na kihusishi cha umilikishi, lina maana mbili: Stanley aweza kuwa ndiye aliyepokewa au ndiye aliyepokea. Muktadha huondoa utata, bila shaka, lakini katika hali zote mbili jina linalobaki ni moja, la Stanley. Waliopokea wamefutika. Kitenzi kamili kisingeruhusu jambo hilo. Mwandishi angelazimika kusema kuwa askari wa Kabaka wanampokea mgeni, na kiambishi cha kiima kingemtaka aseme ni nani hao wanaotenda.

Halafu nakshi ya Usavara haionyeshi kilichofuata. Stanley mwenyewe anasimulia, tena kwa furaha, kuwa baada ya mizinga ya salamu alizungukwa na wakuu wa Kabaka wakamwuliza maswali juu ya safari yake, juu ya Unguja na Ulaya, juu ya bahari, jua, mwezi na nyota, juu ya malaika na mashetani, juu ya waganga na makasisi. Baada ya saa moja na dakika kumi ikatangazwa kuwa amefaulu. Ulikuwa mtihani. Mgeni alitahiniwa na watu waliokwisha kuwasoma wageni wa pwani kwa miaka mingi, katika nchi ambayo Kabaka wake alikuwa akijua Kiswahili na Kiarabu. Msafara wa Stanley ulimwachia Mutesa kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, abaki naye kama msomaji na mwandishi wa barua. Ikiwa kuna mtu aliyestahili kuchorwa nakshi yake peke yake katika kitabu kile, ni kijana huyu mwenye kalamu.

Hadi hapa ushahidi umetolewa na Wazungu wenyewe, dhidi ya picha zao wenyewe. Lakini upo ushahidi mwingine. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode aliyachapisha Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Baadaye, katika miaka ya 1950, W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tippu Tip si mtu wa kutukuzwa. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu, na Manyema wanazo sababu zao za kumkumbuka vingine. Hata hivyo alikuwa mtawala wa nchi kubwa, na mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa maporomoko ya Stanley kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Alionana na Stanley huko Manyema mwaka 1876, na habari za mkutano huo amezieleza mwenyewe.

Katika michoro ya zama zile kuna tukio linalorudiwa kama wimbo: Mzungu anaonyesha bunduki, saa au darubini, na mtawala wa Kiafrika anastaajabu. Katika maisha ya Tippu Tip tukio hilo limo, lakini limegeuzwa. Stanley anamwonyesha bunduki na kudai kuwa inatoa risasi kumi na tano. Tippu Tip anauliza kama ni kwa mtutu mmoja. Anajibiwa kuwa ni mtutu mmoja. Anamwomba aifyatue waone. Stanley anakataa, anasema ni afadhali atoe fedha. Tippu Tip anadhani anadanganywa, na kwa utaratibu wa mtu wa pwani anajibu kuwa huko Rumami upo upinde unaobeba mishale ishirini, ukivutwa yote hutoka pamoja, na kila mshale huua mtu. Hapo Stanley akatoka nje akafyatua risasi kumi na mbili, kisha akatwaa bastola akafyatua sita.

Mshangao wa bunduki upo, na Tippu Tip haufichi. Anakiri kuwa walistaajabu, na anauliza jinsi risasi zinavyotiwa. Lakini mshangao huo umetanguliwa na utani, utani umetanguliwa na shaka, na shaka ni ya mtu mwenye akili anayemsikiliza mfanyabiashara mwenzake akiisifu bidhaa. Aliyemfanya Stanley atoke nje na kufyatua ni Tippu Tip, kwa maneno matupu. Nakshi haina namna ya kuchonga utani. Ingemwonyesha Mzungu mwenye bunduki inayotoka moshi na Mwarabu wa Unguja mwenye macho makubwa, na mstari wa chini ungesema kuwa Stanley anamwonyesha Tippu Tip nguvu ya silaha mpya. Kila neno la mstari huo lingekuwa kweli.

Vivyo hivyo kwa Pangani. Matukio ya Agosti 1888, Wajerumani wa kampuni walipotaka bendera yao ipandishwe na liwali Abdulgawi bin Abdallah akakataa, yamesimuliwa katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita vya Wadachi kuutamalaki Mrima, ambao J. W. T. Allen aliuhariri na kuuchapisha mwaka 1955. Humo Emil von Zelewski, aliyepewa jina la Nyundo na wenyeji, hana budi kusema na kujibiwa. Utenzi hauwezi kuendelea pasipo mazungumzo. Ubeti hudai mtu aseme na mwingine amjibu. Abushiri, kwa upande wake, amebaki katika kumbukumbu ya Ulaya kama mateka wa Hermann Wissmann, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili husoma utenzi ule katika kipindi cha fasihi na kuitazama picha ya Abushiri katika kipindi cha historia, na hakuna anayemwambia kuwa ni habari moja.

Kuna watakaosema kuwa hoja hii inatia chumvi, na kwamba zipo nakshi zisizohitaji kusahihishwa kwa kuwa zinaonyesha fedheha iliyotendeka kweli. Ni sawa, na mfano mkubwa unatoka nje ya Afrika ya Mashariki, yaani Kumasi, nchi ya Waasante. Tarehe 20 Januari 1896 Asantehene Prempeh I na mama yake, Yaa Akyaa, walilazimishwa kupiga magoti na kushika miguu ya Gavana William Maxwell na maafisa wake, waliokuwa wamekaa juu ya jukwaa lililojengwa kwa makasha ya biskuti. Kisha Prempeh akadaiwa wakia 50,000 za dhahabu. Alipotoa wakia 680 akakamatwa. Magazeti ya picha ya London yaliitangaza nakshi ya tendo lile. Hakuna aliyebuni. Tendo lenyewe lilipangwa litazamwe, na wachoraji walikuwapo kulitazama.

Hata hapo mstari wa chini una kazi yake. Kusema kuwa Prempeh anasalimu amri ni kutumia msemo ambao ndani yake amri imekwisha kukubaliwa kuwa amri, na wa kuitoa amekwisha kukubaliwa kuwa ana haki ya kuitoa. Kusema kuwa analazimishwa kupiga magoti ni kueleza kilekile kinachoonekana, lakini kauli ya kutendeshwa humrudisha mtendaji aliyejificha. Kusema kuwa anasujudu ni kosa lingine, maana kusujudu katika Kiswahili ni ibada, na aliyepiga magoti siku ile hakuwa akimwabudu mtu. Maneno matatu, na kila moja humpa mwanafunzi historia yake. Wala Prempeh hakubaki bila usemi. Alihamishwa, na tangu mwaka 1900 alikaa Shelisheli, alikokuja kuwa jirani wa Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega, nao wakiwa wafungwa. Na huko, mwaka 1907, alianza kuandikisha historia ya wafalme wa Asante. Nakshi ya Kumasi inayochapishwa bila ya kutaja kuwa aliyepiga magoti aliandikisha historia yake mwenyewe inamwacha mtu huyo magotini hadi leo.

Liko tatizo la vyeo pia, nalo ni la Kiswahili chenyewe, haliwezi kusukumiwa wageni. Katika maelezo ya picha Mzungu hupewa cheo chake sawasawa: kapteni, kanali, gavana, meja. Mwafrika huitwa chifu. Lugha zetu zina kabaka, omukama, mtemi, mangi, mtwa, zumbe, jumbe, diwani, mwinyi mkuu. Kila neno lina mipaka ya madaraka yake, namna yake ya kurithiwa na adabu yake ya kusalimiwa. Chifu ni neno lililoletwa na utawala wa kikoloni kwa ajili ya mtu wa kukusanya kodi na kupeleka taarifa kwa bwana shauri. Kumwita Rumanika chifu ni kumvika sare iliyoshonwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Wahariri wanaohangaika usiku kucha na tahajia ya majina ya Kijerumani huliacha neno hili lipite bila kulitazama mara mbili.

Mangungu wa Msovero ndiye aliyeumizwa zaidi na maneno. Tarehe 29 Novemba 1884, katika Usagara, sehemu ambayo leo imo wilayani Kilosa, Karl Peters alipata alama yake juu ya hati ya Kijerumani. Hati hiyo ilimwita sultani, ikadai kuwa anatoa nchi yake, na ikaongeza kuwa alikana hata kujua kuwa Sultani wa Unguja yupo. Dai hili la mwisho linastaajabisha katika nchi iliyopitiwa na misafara ya Unguja miaka nenda miaka rudi. Februari 1885 serikali ya Ujerumani iliikubali hati hiyo na nyingine za safari ileile kuwa msingi wa himaya yake. Katika Kiswahili cha siasa cha Tanzania, hasa katika mabishano ya mikataba ya madini, jina la Mangungo limekuwa jina la mtu anayesaini asichokisoma. Vitabu huandika kuwa alitia saini. Kutia saini ni kitenzi cha mtu anayejua kilichoandikwa, au aliyepaswa kujua. Ndiyo maana lawama imemwangukia yeye.

Lakini hati yenyewe inamtaja mtu wa tatu. Inasema kuwa maneno yake yalielezwa kwa Mangungu kwa ufasaha na mkalimani Ramazani. Huyu ndiye aliyebeba Kijerumani kwa upande mmoja na masikio ya Wasagara kwa upande wa pili, na katikati yake Kiswahili. Ni neno gani alilolitumia kwa kutoa nchi? Kiswahili cha wakati ule kilikuwa na kupa, kukopesha, kuweka amana, kukaribisha, kufanya udugu. Kila moja la maneno hayo lingeufanya mkataba uwe mkataba mwingine. Watu wamelumbana kwa miaka zaidi ya mia juu ya akili ya Mangungu, na swali la isimu, ambalo ndilo la kwanza, limeachwa na waliosomea isimu.

Wapo wanaopendekeza kuwa dawa ni kuziondoa nakshi vitabuni. Pendekezo hilo halifai. Nakshi ni vielelezo halali vya fikra za waliozitengeneza, na mwanafunzi asiyeziona hataweza kuzipinga. Kinachotakiwa ni maelezo mapya, yaliyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, yenye mtendaji, yenye cheo cha kweli cha kila mtu, na yenye kutaja picha ilikotoka. Chini ya nakshi ya Usavara, kwa mfano, pangeweza kuandikwa hivi: Askari wa Kabaka Mutesa I wanampokea Henry Morton Stanley huko Usavara, Aprili 1875. Nakshi hii ilitolewa katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1878. Siku hiyo wakuu wa Kabaka walimhoji mgeni kwa zaidi ya saa moja, kisha wakatangaza kuwa amefaulu.

Maelezo hayo hayazidi mistari minne. Wachapishaji watalalamika juu ya nafasi, kama kawaida yao, ilhali picha zenyewe huchapishwa kwa ukubwa usiohitajika na kuzungukwa na weupe wa ukurasa. Pale ambapo maandishi ya Kiswahili ya tukio lilelile yapo, kama yale ya Tippu Tip au ya al-Buhriy, sehemu yake ichapishwe kando ya picha, katika ukurasa uleule, mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili wagombanie kipindi. Ama kuhusu Msovero, mchoraji wa leo anayeombwa kulibuni tukio lile kwa ajili ya kitabu cha shule ana kazi nyepesi: baina ya Peters na Mangungu amchore mtu wa tatu, mdomo wake ukiwa wazi, na mhariri aandike chini yake jina la Ramazani.